Reli za Dar es Salaam: maswali mnayouliza kila mara kuhusu SGR, Reli ya Kati, TAZARA, mahandaki na majengo ya zamani

Tangu SGR, reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria, maswali ya reli hayaishi. Wengine wanataka tu kujua wapandie wapi. Wengine wamekulia kando ya reli na wanauliza itakuwaje kwa stesheni na njia za zamani. Nimeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu naona hayatengani: anayepanda treni ya umeme kwenda Dodoma anafuata njia iliyochimbwa kwa mikono zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ni vizuri ajue.

Dar es Salaam ina reli ngapi?

Tatu, na kila moja ina upana wake. Reli ya Kati, ile ya Mjerumani, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina milimita 1,067. SGR ina milimita 1,435. TAZARA na Reli ya Kati zinapishana kwa milimita 67, upana usiozidi kiganja cha mtu mzima, lakini zinatosha kabisa kuzuia behewa la huku lisipite kule. Ndiyo maana Kidatu, mkoani Morogoro, ambako reli hizo mbili zinakutana, mzigo hushushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye jingine.

Kila upana una sababu yake. Wajerumani walichukua geji (yaani upana wa reli) ya mita kwa kuwa ilikuwa nafuu na ilikubali kona kali. Waingereza nao walitumia geji hiyohiyo Kenya na Uganda, na ndiyo maana mwaka 1963 iliwezekana kuunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. TAZARA ilijengwa ilingane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. SGR imechukua kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia, kwa hiyo vichwa na mabehewa yake yanapatikana kwa watengenezaji wengi.

Reli ya Kati ilianza lini?

Ujenzi ulianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1905. Treni ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani ndiyo iliyojenga, lakini waliobeba mataruma, waliochimba matuta na kuvunja mawe walikuwa Waafrika kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Watu wale walikuwa na mazoea marefu ya safari za masafa, kwani sehemu kubwa ya njia ya reli inafuata njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji.

Kuna kisa kimoja ningependa kila mtoto wa Dar akijue. Meli ya Liemba iliyoko Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa bandarini kwetu, kisha ikapakiwa kwenye treni kuelekea Kigoma. Iliunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakaiachia adui. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli nzima ilipita Dar es Salaam juu ya reli.

Baada ya hapo Waingereza waliongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, likakamilika 1928. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja lilivunjika nalo, na sisi tukaanzisha Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, lakini haukudumu. Miaka michache baadaye ukarudi serikalini.

SGR imefika wapi?

Jiwe la msingi liliwekwa Pugu mwezi Aprili 2017 na Rais John Magufuli. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilianza kwa ubia wa Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno. Cha Morogoro hadi Makutupora, mkoani Singida, kikajengwa na Yapi Merkezi. Abiria wa kwanza walisafiri hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma.

Mbele ya Makutupora kazi imegawanywa: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza, na tawi la Tabora hadi Kigoma. Kutoka Dar hadi Mwanza ni kilomita 1,219. Kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, reli imepangwa kuingia Burundi hadi Musongati.

Upande wa mizigo, tarehe 31 Julai 2025 bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa pamoja na treni za mizigo za SGR. Hili ninalitilia uzito kuliko mambo mengi yanayosifiwa. Kila kontena linalotoka bandarini kwa treni ni lori moja pungufu kwenye Barabara ya Mandela, na kila mwenye kukaa Tabata au Buguruni anajua foleni ya malori inavyokula siku ya mtu.

Mchongoko ni treni gani?

Ni ile yenye pua iliyochongoka, iliyotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Haivutwi na kichwa. Mota zake ziko chini ya mabehewa yenyewe, ndiyo maana inashika kasi upesi inapotoka stesheni. Treni nyingine za SGR zinavutwa na kichwa cha umeme kama kawaida. Mwendo wa juu kwa treni za abiria ni kilomita 160 kwa saa. Dodoma unafika kwa muda usiozidi saa nne au karibu yake, kutegemea inasimama vituo vingapi, wakati basi linakuchukua saa nane au zaidi.

Napandia wapi?

Stesheni Kuu ya Magufuli, ileile yenye kuta za vioo zilizochorwa kwa kufuata jiwe la tanzanite, karibu na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Njiani kuna Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro, halafu Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu kabla ya Dodoma. Si kila treni inasimama kila mahali, kwa hiyo soma tiketi kabla ya kulipa. Nenda na kitambulisho, na uwahi kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka.

Umeme ukikatika, treni inasimama?

Nyaya za juu ya reli zikikosa umeme, inasimama, na wiki za kwanza za 2024 abiria waliliona hilo. Ila SGR haitegemei nyaya za mtaani. Kati ya Kinyerezi na Kingolwira, Morogoro, kuna njia yake ya msongo wa kilovolti 220, na vituo vya kupozea umeme hushusha hadi kilovolti 25 zinazoingia kwenye waya wa treni. Hitilafu nyingine hutokea kwenye waya wenyewe: mwaka 2024 shirika lilieleza kwamba wanyama na ndege waliogusa nyaya walisababisha umeme kukatika. Reli inapita porini. Hilo halitaisha, litapunguzwa kwa vizuizi na ukaguzi.

Kuna handaki la treni chini ya Dar es Salaam?

Hakuna. Katikati ya jiji SGR inapita juu, kwenye daraja refu lenye zaidi ya kilomita 2, ili isikatane na barabara. Hadi Morogoro hutakutana na handaki.

Basi mahandaki yako wapi, na kwa nini yalihitajika?

Hapa nitakaa kidogo.

Ukivuka Kilosa kwenda Dodoma, ardhi inabadilika ghafla. Njia inaanza kupanda kutoka nyanda za chini kwenda uwanda wa juu, na mlango wake ni bonde la mto Mkondoa. Wajerumani walifanya kama mtu yeyote wa wakati ule angefanya: waliulaza mstari kando ya mto, ukapinda kila mto ulipopinda. Ilikuwa rahisi kujenga, lakini kuitunza ikawa taabu ya miaka mia. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe ndicho kinachojulikana zaidi kwa kusombwa na mafuriko. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziling'oa tuta, zikaacha vyuma vinaning'inia hewani, na treni za bara zikasimama kwa miezi.

Treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kufuata mipindo ya mto. Inahitaji kona pana na mteremko wa taratibu. Mjenzi ana njia mbili tu, kuzunguka mlima au kuupasua. Kwenye kipande cha Morogoro hadi Makutupora yamechimbwa mahandaki 4 yenye jumla ya kilomita 2.6 hivi, refu kuliko yote likipita kidogo mita 1,000. Sehemu nyingine njia imeinuliwa kwa madaraja na matuta ili maji yapite chini bila kugusa reli.

Ukiwa ndani ya behewa, usitegemee kuona mengi. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, mita 1,000 zinakwisha kwa sekunde zisizofika 25. Masikio yanaziba kidogo, dirisha linakuwa kioo, unaiona sura yako mwenyewe, halafu mwanga unarudi. Ushauri wangu: kaa macho mara tu mnapotoka Kilosa, na utazame bondeni. Pale ambapo njia ya zamani bado inaonekana chini kando ya mto, utaelewa kwa macho kwa nini wahandisi waliukimbia mto.

Ila mahandaki ya SGR si ya kwanza nchini. Mahandaki makubwa ya kizazi cha wazee wetu yako TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu kusini. TAZARA nzima ina mahandaki zaidi ya 20 na madaraja zaidi ya 300, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu imejazana kwenye kipande hicho. Daraja la Mpanga, lenye nguzo za urefu wa mita 50 hivi, liko hukohuko. Kazi hiyo ilifanywa kwenye mvua na udongo unaoteleza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa vifaa ambavyo mhandisi wa leo angevikataa. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ya reli Tanzania iliyofikia ile kwa ugumu, pamoja na SGR.

TAZARA inafufuliwa kweli?

Mkataba upo. Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya awali. Septemba 2025 ukasainiwa mkataba na kampuni ya CCECC ya China wa takriban dola bilioni 1.4, kwa miaka 30: miaka 3 ya mwanzo ni ya ukarabati, inayobaki ni ya uendeshaji.

Vijana wengi wananiuliza kwa nini tulijenga reli ndefu namna ile, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi. Jibu ni uhuru. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake inapita mikononi mwa tawala zilizokuwa zikiwakandamiza Waafrika. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walizunguka nchi za Magharibi na Benki ya Dunia wakaambiwa mradi haulipi. China ikakubali mwaka 1967 kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976.

Gongo la Mboto yako makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini. Wapo wanaopita kwa daladala miaka yote bila kujua. Watanzania na Wazambia waliokufa kwenye ujenzi uleule hawana mahali pamoja pa kukumbukiwa jijini kama hapo, na naona ukarabati huu wa dola bilioni 1.4 ni wakati wake. Ukuta wenye majina pale stesheni ya TAZARA hautagharimu hata sehemu ndogo ya behewa moja.

Treni za mjini je?

Zilianza Oktoba 2012. Watu waliziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule. Moja ilitoka Stesheni kupitia Buguruni, Tabata na Mabibo hadi Ubungo Maziwa, nyingine ilitumia reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Baadaye ikaongezwa ya Pugu, inayopita Gongo la Mboto.

Treni hizi zinadharauliwa, na mimi siafiki. Zinatumia njia ya Mjerumani kufanya kazi ambayo Mjerumani hakuiwaza: kumtoa mama wa Pugu na ndoo zake za samaki asubuhi na kumrudisha jioni kwa nauli ya mtu wa kawaida. Reli ya zamani inayobeba watu inapigwa kokoto na kufyekwa majani. Ikiachwa, vibanda vinaisogelea, mataruma ya chuma yanang'olewa usiku na kuishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Kwa hiyo Reli ya Kati haijafa?

Haijafa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilomita 970 kati ya Dar es Salaam na Isaka zilikarabatiwa, madaraja yakaimarishwa na reli nyepesi zikabadilishwa. Treni ya abiria ya Moshi ilirudi Desemba 2019, na ya Arusha Oktoba 2020 baada ya miaka kama 30 ya kimya.

Majengo ya zamani ya reli yanalindwa na sheria?

Si kwa umri peke yake, na hili watu wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli yetu ilianza 1905. Maana yake stesheni, karakana, tangi la maji la enzi za mvuke au kota ya mfanyakazi haiwi mnara wa kumbukumbu mpaka Waziri aitangaze. Jengo lisilotangazwa, mwenye eneo anaweza kuliona kama kiwanja tu.

Watu hufikiria urithi ni stesheni kubwa yenye matao. Mimi ningeanza na kota za reli Gerezani. Wafanyakazi wa reli ndio waliogoma mwaka 1960 kwa zaidi ya miezi miwili, chama chao kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Hoja zile hazikutungwa ofisini. Zilizungumzwa barazani na karakanani, na kuta hizo ndizo zinazokwenda mwanzo kabisa panapotakiwa nafasi ya ghorofa.

Niende wapi nikaone urithi wa reli kwa siku moja?

Anza stesheni ya zamani asubuhi, kabla jua halijakaza. Simama mahali ambapo SGR na jengo la zamani vyote vinaonekana. Ukipata kipande cha reli kisichotumika, kama kilichogeuzwa nguzo ya uzio, inama uangalie ubavuni: mara nyingi utakuta herufi zilizonyanyuka, jina la kiwanda na mwaka. Kisha tembea hadi Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, lililojengwa zama za Sultani Majid. Ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya jiji.

Mchana panda gari hadi stesheni ya TAZARA, kwenye makutano ya Nyerere na Mandela, pembeni ya daraja la Mfugale. Ingia ukumbini tu, hata kama husafiri. Dari liko juu sana, ukumbi ni mpana kupita mahitaji ya leo, na unaona wazi waliojenga walitegemea umati. Malizia Gongo la Mboto.

Mwenye muda zaidi apande treni kwenda bara: hoteli ya zamani ya reli Dodoma, hoteli ya Wajerumani ya Tabora, na stesheni ya Kigoma ambayo bado inatazama ziwa.

Naruhusiwa kupiga picha?

Omba kwanza kwa msimamizi wa stesheni. Njiani, usishuke relini kwa ajili ya picha. Treni ya umeme haina mngurumo wa kukustua. Inakufikia kabla hujageuka.

Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli na ameacha picha, kofia na tiketi. Nifanye nini?

Usigawe kitu kwa mnunuzi wa vitu vya kale kabla hujaandika habari zake. Picha iandike nyuma kwa penseli, kalamu ya wino huvuja: nani yupo, stesheni gani, mwaka gani, hata kama ni "karibu 1958". Muulize bibi au mjomba leo, maana majina ndiyo yanayopotea kwanza. Piga nakala kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi. Usizibandike kwa gundi wala kuzifunika kwa lamisheni.

Karatasi za kazi, yaani barua za uhamisho, kitabu cha kanuni, hati ya pensheni, zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu zinaonyesha mishahara na vyeo kwa tarehe. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert ndiyo milango ya kugonga. Kama familia haiko tayari kuachia vitu vyenyewe, peleka nakala. Na taa ya mkono ya kuashiria treni, ile yenye vioo vyekundu na kijani, usiisugue ing'ae. Masizi ya ndani yaache yalivyo.